Uzio wa Punda wa Mama Kulwa

Vijana wenzangu wa idara ya mifugo,

Nimearifiwa kwamba katika semina yenu ya Vwawa, somo la kumwongoza punda jike anapokuwa kwenye joto, yaani anapotaka dume, lilitolewa na Bi Namwinga, na kwamba mlicheka, mlipiga makofi na mliandika kila alichotamka. Mimi sikualikwa. Sisemi hivyo kwa kulalamika. Nasema ili ijulikane, maana asiyekuwepo halaumiwi kwa yaliyosahauliwa. Nimeambiwa pia kwamba alisimulia kisa cha punda wa Mama Kulwa, na kwamba kilikuwa kisa kizuri mno. Ni kizuri kweli. Nilikuwemo. Sasa kwa kuwa nimestaafu na muda ninao, naomba kuweka kumbukumbu sawa, na nitaanza pale kazi yoyote inapoanzia, yaani siku ya kwanza.

Niliripoti Igamba wakati wa masika, nikiwa na cheti kipya na viatu vya ngozi vilivyong'arishwa. Mkuu wetu pale alikuwa Mzee Mwazembe, Mnyiha wa Mbozi, mtu mfupi, mtaratibu, aliyewajua ng'ombe wa maziwa wa kata nzima kwa majina ya mama zao. Alinitazama kuanzia chini kwenda juu.

"Kijana, umekuja kutibu au kuposa?"

Nilisema nimekuja kutibu. Akanielekeza stoo nikachukue buti za mpira. Zilikuwa zimebaki jozi moja, ndogo kuliko mguu wangu, kwa sababu zile kubwa alikuwa amekwisha kumpa mwenzangu aliyeripoti siku moja kabla yangu. Mwenzangu huyo alikuwa Bi Namwinga. Alizivaa kwa soksi mbili ili zimkae. Mimi nilipanda na kushuka milima ya Igamba vidole vikiwa vimekunjwa, msimu mzima, na hakuna aliyefikiri kwamba tungeweza kubadilishana. Hata yeye hakufikiri. Nami sikuomba.

Mzee Mwazembe alikuwa na namna yake ya kufundisha, na nataka mwijue kwa sababu ni bora kuliko nyingi za semina. Kabla ya kumgusa mnyama, alitutaka tusimame nje ya banda kimya, mikono nyuma, mpaka mnyama aache kututazama na arudie shughuli zake. "Akikutazama wewe," alisema, "hakuoneshi ugonjwa wake. Anakuonesha woga wake." Kazi yetu kubwa ilikuwa kutambua ng'ombe aliye kwenye joto ili apandishwe kwa mrija, yaani atiwe mbegu bila dume, kwa wakati wake. Ukichelewa nusu siku, mwenye ng'ombe amepoteza; ukiwahi mno, amepoteza vilevile, na fedha ya kahawa yake ya msimu huo imekwenda kwa bwana mifugo bure.

Namwinga alikuwa na jicho. Lazima niseme hivyo, kwa kuwa ni kweli. Aliweza kupita kwenye banda akiwa anazungumza mambo mengine kabisa, kisha akageuka na kusema, "Huyu mwekundu, kesho asubuhi." Kesho asubuhi mwekundu alikuwa tayari. Mimi nilijifunza kwa njia ndefu: niliandika tarehe za kila ng'ombe, nikahesabu, nikatabiri, na mara nyingi nilifika kwenye jibu lile lile alilolifikia yeye akiwa anamenya chungwa. Mzee Mwazembe alikuwa na desturi iliyodumu miaka yote tuliyokaa chini yake. Tukifika mahali aliuliza, "Namwinga, unaonaje?" Namwinga akishasema, Mzee alinigeukia na kusema, "Sichone, andika." Sikumbuki hata mara moja aliyogeuza mpangilio huo. Nawaachia ninyi kupima ni kazi ipi ilibaki baada ya sote kuondoka: macho, ambayo hayakai kwenye faili, au maandishi.

Baadaye tulihamishiwa bondeni Momba, wote wawili, katika kata zinazopakana. Huko hakuna ng'ombe wa maziwa wa kufungia bandani. Kuna wafugaji waliohamia na mifugo mingi, kuna joto la jua, na kuna punda. Chuoni tulifundishwa habari za farasi jike kwa kurasa kadhaa, zikiwa na michoro. Katika utumishi wangu wote farasi niliowaona walikuwa wachache, juu ya malori yaliyosimama kwenye foleni ya mpaka pale Tunduma, na walikuwa na nyaraka zilizopangwa vizuri kuliko zangu. Punda ni ndugu yake, lakini kitabu cha farasi kitakupoteza mahali pamoja, na mahali hapo ndipo kisa hiki kilipo.

Punda jike huingia kwenye joto kila baada ya wiki tatu na ushei, na joto lenyewe hudumu karibu wiki nzima. Hukojoa kidogo kidogo, huinua mkia, hulia ovyo, humfuata mwenzake na kumng'ata shingo. Haya kitabu kimeyataja. Ambalo hakikulitaja ni hili: hunyoosha shingo mbele, hulaza masikio nyuma, kisha hufungua na kufunga taya upesi upesi, kama anayetafuna kitu kisichokuwepo, na mate humtoka mpaka kifuani. Asiyejua akimwona atasema mnyama huyu ana kichaa. Nami nawaambia kwamba asiyejua ndiye aliye wengi.

Namna ya kumwongoza katika siku hizo ni rahisi kuisema. Msimpige, fimbo humfundisha tu kwamba mtu naye ni wa kupigwa teke. Mfanyisheni kazi asubuhi mapema, mzigo upungue. Msimfunge punda dume nyuma ya mkokoteni wake, na msimpeleke kisimani saa ambayo madume yote ya kijiji yapo. Mwendeeni kwa upande wa bega, mkisema naye, kamwe si kwa nyuma. Kagueni mabega na mgongo, kwa kuwa wako wengi wanaosingiziwa joto kumbe kamba imewachuna. Si kila teke ni la joto. Mwenye punda aweke alama ya mkaa kwenye mwimo wa mlango kila joto linapoanza, ili lijalo lisimkute hajajiandaa. Joto lisilokoma mwiteni daktari. Nimeambiwa Bi Namwinga aliyasema haya yote pale Vwawa, isipokuwa alama ya mkaa. Alama ya mkaa niliianzisha mimi.

Sasa nije kwa Mama Kulwa.

Mama Kulwa alikuwa Msukuma, mama wa mapacha, mumewe akiwa mbali na ng'ombe wakati wote wa kiangazi. Aliishi kwa kuchota maji mtoni kwa punda na kuwauzia walimu na mama lishe wa senta. Alikuwa na punda wawili majike, mmoja mzee na mmoja kijana, na wa kazi alikuwa yule kijana. Majuma machache kabla ya siku ninayoisimulia, mbwa asiyefahamika alipita kijijini akang'ata mbuzi. Watu walimuua kwa marungu na kumchoma moto kabla sijafika, hivyo hakukuwa na kichwa cha kupeleka maabara kipimwe kichaa cha mbwa. Naomba mlishike jambo hili, kwa kuwa katika masimulizi ya Vwawa nasikia mbwa huyo hakutajwa. Bila mbwa, mimi ninaonekana mjinga.

Asubuhi moja pale mtoni, punda yule kijana alianza kutafuna hewa. Akatoa mate, akapiga madumu mateke, akamng'ata mwenzake, wanawake wakatawanyika. Mtu mmoja akasema neno "kichaa", na neno hilo likafika senta kabla ya Mama Kulwa. Mtendaji wa kijiji akanipigia simu.

"Bwana Mifugo, fika upesi. Watu wameshamhukumu, wewe unangojwa kwa mazishi tu."

Nilipofika nilimkuta punda amefungwa peke yake nyuma ya nyumba, anazunguka kigingi. Mwenzake mzee alikuwa amepelekwa mbali. Wanaume walisimama kwa kundi, mbele yao mzee mmoja mwindaji akiwa na gobore. Kati ya gobore na punda alisimama Mama Kulwa na mchi wa kinu mkononi.

"Anayempiga huyu aanze na mimi," alisema. "Akimaliza, ajifunge kamba avute madumu badala yake, maana watoto wangu watataka kula."

Nilisimama kimya, mikono nyuma, kama nilivyofundishwa, ingawa si rahisi kusimama kimya mbele ya gobore. Nilitazama masikio, shingo, mkia na namna alivyokojoa. Kisha nikasema, mbele ya mtendaji na Mama Kulwa, maneno haya: "Huyu yuko kwenye joto." Nilisema hivyo saa nyingi kabla Bi Namwinga hajafika. Naomba liandikwe.

Lakini niliongeza, na ndilo lililonigharimu: "Hata hivyo, joto halikingi kichaa. Mnyama anaweza kuwa na vyote viwili. Mbwa alipita hapa. Asiuawe, asiguswe mate yake, aangaliwe siku kumi."

Pande zote mbili zikanigeukia.

"Siku kumi!" alisema mzee wa gobore. "Siku kumi akikata kamba akaingia shule, utawashona wewe watoto?"

"Na mimi siku kumi nichote maji kwa mgongo wa nani?" alisema Mama Kulwa. "Wako?"

Kijana mmoja akadakia, "Bwana Mifugo hajui. Mwenye kujua hahesabu siku."

Mtendaji akasogea pembeni na simu yake. Hakuniambia anampigia nani. Nilikuja kujua nilipomwona Bi Namwinga anashuka kwenye bodaboda, buti zake zimejaa vumbi, na watu wakaachia njia wenyewe bila kuombwa. "Mama Mifugo amefika!" Nilikuwa nimekaa pale tangu asubuhi. Mimi nilipofika mbwa wa senta tu ndiye aliyebweka.

Alimwamkia mzee wa gobore shikamoo, akampa Mama Kulwa pole, kisha akasimama kimya, mikono nyuma. Watu wakanyamaza naye. Nilipokuwa nimesimama vile mimi, walikuwa wakinikoholea. Baada ya muda akasema, "Yuko kwenye joto."

"Bwana Mifugo ameshasema hivyo," alisema mtendaji, na hiyo ndiyo sifa pekee niliyopewa siku ile.

"Basi leteni dume, watu waone kwa macho yao."

"Hapana," nilisema. "Mnyama mwenye shaka ya kichaa hakutanishwi na mwingine. Kata hii ni yangu, na mwenye kusaini hapa ni mimi."

Akanivuta kando. "Kaka Sichone, hawa hawatangoja siku kumi. Hawatangoja hata jua lizame. Wakishaona kwa macho yao watamwacha. Tofauti na hapo watampiga sisi tukiwa bado tunasaini."

"Na kama ana kichaa?"

"Basi tutakuwa tumekosea wawili."

"Dada, kukosea wawili si utaratibu."

Alicheka. Alikuwa na tabia ya kucheka mahali ambapo mimi huumwa kichwa. Lakini nilijua alichosema kuhusu jua kilikuwa kweli, na nilimwona mzee yule anapima baruti. Nikasema: dume ataletwa, ila kwa masharti yangu.

Palikuwa na zizi la zamani la fito lililolegea upande mmoja. Niliagiza upande huo uimarishwe, na mbele yake usimamishwe mstari wa pili wa fito, mbali kiasi kwamba shingo mbili zikinyooshwa kutoka pande zote zisikutane, na mate ya mmoja yasimfikie mwingine. Nilikata fito mwenyewe kwa panga la kuazima. Nilichimba mashimo. Wanaume wawili walinisaidia kwa masikitiko makubwa.

"Bwana Mifugo anamjengea punda gesti," alisema mmoja.

"Asisahau kuweka neti," alisema mwingine.

Bi Namwinga alikaa juu ya dumu lililogeuzwa akizungumza na Mama Kulwa kuhusu mapacha wake. Hakunyanyua hata fito moja. Naandika hilo bila chuki yoyote.

Uzio ulipokamilika niliupima kwa kamba, kisha nikaruhusu. Punda jike aliingizwa zizini kwa kamba mbili, mimi nikiwa wa mwisho kutoka. Dume akaletwa upande wa pili, na aliyemwongoza alikuwa Bi Namwinga, kwa kuwa alikuwa ameshaishika kamba yake kabla sijageuka.

Yule jike aliyekuwa akizunguka kama jiwe la kusagia alisimama. Alinyoosha shingo, akatafuna hewa, akageuka taratibu mpaka akaelekeza mgongo kwenye fito, akaweka mkia kando, akatulia tuli, kama mtu aliyefika ofisini na kukuta mhusika yupo. Dume akalia mlio wa kusikika ng'ambo ya mto. Bibi mmoja aliyekuwa mbele akasema:

"Kichaa gani hiki? Mbona mimi nilikuwa nacho mpaka nikazaa tisa!"

Kijiji kizima kikacheka. Mzee wa gobore naye alicheka, akaishusha silaha yake na kuiegemeza ukutani. Mama Kulwa aliketi chini na mchi wake mapajani, akalia, na hakuna aliyemcheka yeye.

Kisha Bi Namwinga akaagiza yule punda mzee arudishwe karibu. "Mmemfunga peke yake," alisema. "Hata mimi mngenifunga peke yangu ningepiga teke." Nilikubali, kwa sharti kwamba akae nje ya uzio. Jioni ile ile yule punda kijana alikula, akaacha kuzungukazunguka, akalala akiwa amemwelekezea mwenzake uso. Hili la mwenzake sikuwa nimeliona. Nimeahidi kumbukumbu sawa, kwa hiyo nimeliandika.

Amri yangu ya siku kumi haikufutwa. Nilikwenda kila siku kwa baiskeli, nikamtazama anavyokunywa, anavyomeza, anavyotembea. Bi Namwinga alikuwa amerudi katani kwake na hakuja tena. Kila siku watoto walinikimbilia njiani wakiuliza, "Mama Mifugo yuko wapi?" Siku zilipotimia punda alikuwa mzima, nikamfungua, akavuta madumu asubuhi ile ile. Mama Kulwa alinishukuru vizuri, kwa heshima, kama mtu anavyomshukuru karani wa posta. Nilipopita tena juma lililofuata uzio haukuwepo. Alikuwa amezipikia zile fito, na kwa haki yake, maana zilikuwa zimekauka vizuri.

Najua neno mtakalolitumia mkisoma hadi hapa, nami nitawapunguzia kazi kwa kulitaja: wivu. Nimelitafakari neno hilo kwa makini. Mtu akizuia moto usiwake, hana majivu ya kuwaonesha watu. Anayefunua jambo hushangiliwa kwa sababu jambo linaonekana. Anayekinga hana cha kuonesha isipokuwa siku iliyopita salama, na siku hizo zinafanana zote. Hilo si wivu, ni hoja. Lakini kwa kuwa nimeweka sahihi yangu chini ya mambo mengi yaliyo sahihi, niweke na hili: nililitaka jicho lake. Nililitaka tangu Igamba, na bado nalitaka, ingawa sina tena mnyama wa kulitumia.

Baada ya mambo hayo nilipata safari ya Igamba, nikapita kwa Mzee Mwazembe. Alikuwa ameshastaafu, anaishi na kahawa yake. Nilimkuta mbele ya chanja anageuza buni kwa kiganja.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Sichone. Namwinga amenisimulia kwa simu. Binti yule ana macho, wewe!"

"Alikueleza habari ya uzio?"

"Uzio gani?"

Nilimweleza. Nilimweleza yote: mbwa, siku kumi, mistari miwili, shingo mbili zisizokutana, kamba niliyopimia. Aliendelea kugeuza buni, akichagua mbovu na kuzitupa.

"Lakini punda hakuwa na kichaa," alisema.

"Hakuwa nacho, Mzee."

"Sasa uzio ulimkinga nani?"

"Kwamba hana kichaa tulikuja kujua uzio ukiwa umekwisha kusimama."

Mkono wake ukasita juu ya kahawa. Nilidhani sasa atanitazama na kusema lile neno ambalo nilikuwa nimelingoja tangu siku ya buti. Alinisogezea nafasi kwenye chanja, nami nikaanza kugeuza upande wangu. Tuligeuza buni pamoja muda mrefu, na nilikuwa na furaha, sikatai.

Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mzazi, "Na Namwinga siku ile alikuwa amekula? Akiwa kazini huwa anasahau kabisa kula."

"Sijui, Mzee," nilimjibu. "Nilikuwa nakata fito."